Kusoma Bunduki ya Zamani

Walimu, nawaomba muwe karibu na ubao, kwani leo tutakuwa na maneno machache ya kuandika.

Somo la leo ni la kusoma, kama masomo yaliyopita. Lakini leo hatusomi karatasi, tunasoma chuma.

Sasa mnajua herufi zote, kubwa na ndogo, na mnajua tarakimu kutoka 0 mpaka 9. Mtu mwenye elimu hiyo, akiwekewa mbele yake bunduki kuukuu ya kijeshi, anaweza kusema ilifanywa wapi, mwaka gani, katika enzi ya mfalme gani, na kama viungo vyake ni vile vile vya asili au vimebadilishwa. Asiyejua kusoma hana budi kuambiwa na yule mwenye kuionyesha, naye ataamini anayoambiwa, ya kweli na ya uwongo.

Basi leo tutajibu maswali mawili. La kwanza, bunduki ya zamani inaweza kutuambia nini? La pili, ni jambo gani haiwezi kutuambia, hata tukiigeuza vipi?

UNGUJA NA BUNDUKI

Kisiwa hiki kimezijua bunduki tangu zamani, na lugha yetu ni shahidi. Wazee walikuwa na bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Kisha ikaja ya gumegume, iliyopiga cheche kwa jiwe. Kisha ikaja ya fataki. Zote hizo zilitiwa baruti kwa mdomo wa kasiba, yaani mtutu, na baruti ikashindiliwa kwa ufito uitwao mdeki.

Katika karne ya 19 bunduki zilifika bandarini kwetu kutoka Ulaya na Marekani. Hapa zilinunuliwa, zikavushwa mpaka mrima, zikachukuliwa na misafara ya pembe na ya watumwa hadi Tabora na Ujiji na mbele ya hapo. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza hapa Unguja, Euan-Smith, aliiandikia serikali yake kwamba kwa makadirio yake bunduki baina ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kupitia pwani hii.

Nyingi katika bunduki hizo zilikuwa kuukuu hata siku ya kufika. Majeshi ya Ulaya yalipopata bunduki za namna mpya, zile za zamani ziliuzwa kwa jumla, na wafanya biashara wakazileta huku. Kwa hiyo bunduki iliyofika Unguja huenda ilikwisha kutumika katika jeshi la nchi nyingine miaka mingi kabla ya kuiona bahari yetu.

Mwaka 1877 Sayyid Barghash alianzisha jeshi lililofundishwa kwa mtindo wa Kizungu, chini ya Lloyd Mathews, na serikali ya Uingereza ikalipa jeshi hilo bunduki 500 za Snider. Nazo Snider, nyingi zilikuwa bunduki za kushindilia mdomoni ambazo mafundi wa Uingereza walizikata upande wa nyuma, wakazitia mlango wa kuingizia risasi. Bunduki moja ikawa na maisha mawili: ya kwanza ya kushindiliwa, ya pili ya kufunguliwa nyuma. Fundi alipiga alama zake mara ya pili karibu na alama za kwanza, na mpaka leo mwenye macho anaweza kuzisoma zote.

Kisha tarehe 2 Julai 1890 mataifa mengi yalitia saini mkataba mjini Brussels. Mkataba huo ulizuia bunduki za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika ila kwa ruhusa. Bunduki iliyoruhusiwa ilitakiwa iandikwe katika daftari na ipigwe alama, na mwenye bunduki apewe cheti kinachotaja alama ile. Angalieni mambo haya matatu: daftari, alama na cheti. Tutayarejea.

MZINGA WENYE LUGHA MBILI

Mfano mwepesi kuliko yote wa kusoma silaha uko hapa kwetu. Kwa miaka mingi mbele ya Beit el Ajaib, pale Forodhani, ilikaa mizinga miwili ya shaba. Watu wengi wamepita hapo, watoto wamepanda juu yake, na wachache wameisoma.

Katika mizinga hiyo mna nembo ya ufalme wa Ureno. Hiyo ni alama ya aliyeiagiza. Mna pia maandishi ya Kiajemi, nayo yanataja ushindi wa Waajemi juu ya Wareno huko Hormuz, mlango wa Ghuba, mwaka 1622. Hiyo ni alama ya aliyeiteka. Baadaye mizinga ikaletwa Unguja na kuwekwa mbele ya jumba la mfalme.

Mwenye mzinga wa pili hakuifuta alama ya mwenye mzinga wa kwanza. Aliandika jina lake na kuiacha ile ya adui ionekane, ili kila mtu ajue alimnyang'anya nani. Basi silaha iliyobadilisha mikono aghalabu huwa na alama juu ya alama. Kazi yetu ni kuzipanga: ipi ya kwanza, ipi ya pili, ipi ya mwisho.

KABLA YA KUSOMA

Sasa tuje kwenye bunduki. Lakini kwanza ni usalama.

Ikiwa umepata bunduki kuukuu darini, shambani, au katika sanduku la marehemu, ihesabu kuwa ina risasi, hata kama imeoza kwa kutu. Usiivute komeo. Usiguse kifyatuo. Usiielekeze kwa mtu, hata kwa mchezo. Waondoe watoto, kisha umpelekee habari sheha na polisi, wao waje kuichukua. Silaha haikai nyumbani bila ya ruhusa, na uzee wake hauipi ruhusa.

Jambo la pili: usiisugue. Watu wengi wakipata chuma cha zamani hukipiga msasa mpaka king'ae. Msasa ule unaondoa kutu, na pamoja na kutu unaondoa herufi. Herufi zikishaondoka, bunduki imekuwa kipande cha chuma na gogo. Hata mtaalamu wa London hataweza kuirejeshea habari zake.

ALAMA ZA CHUMA

Walimu, tafadhali andikeni ubaoni maneno haya kama yalivyo, mstari chini ya mstari:

(taji)
G.R.
ENFIELD
1916
SHT. L.E.
III*

Hizi ni alama za bunduki ya Kiingereza ya risasi ya 303, bunduki iliyochukuliwa na askari wengi sana wa Afrika Mashariki, wakiwamo wale wa King's African Rifles, ambao watu wetu waliwaita Keya. Zimepigwa upande wa kulia, chini ya mkono wa komeo, katika mkanda wa chuma unaoshika kitako cha mti.

Tusome mstari mmoja mmoja.

Taji ni alama ya ufalme wa Uingereza.

G.R. ni mfalme mwenyewe. G ni George. R ni herufi ya kwanza ya neno la Kilatini lenye maana ya mfalme. Mkikuta V.R., hiyo ni V ya Malkia Victoria, aliyefariki mwaka 1901. Mkikuta E.R. katika bunduki za namna hii za zamani, huyo ni Edward, aliyetawala kutoka 1901 mpaka 1910.

ENFIELD ni jina la mahali, karibu na London, palipokuwa na kiwanda cha bunduki cha serikali. Wengine hudhani ni jina la askari mwenye bunduki. La! Ni jina la kiwanda. Mahali hapo hapo mngeweza kukuta B.S.A. CO., kampuni ya Birmingham, au ISHAPORE, kiwanda cha Bengal katika India, au LITHGOW, kiwanda cha Australia. Bunduki hizi ni za namna moja, lakini hazikuzaliwa nchi moja.

1916 ni mwaka wa kutengenezwa. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mwaka uliopigwa katika chuma ni mwaka wa kuzaliwa kwa bunduki. Hautuambii ilipigana lini, wala kama ilipigana. Bunduki ya 1916 iliweza kukaa ghalani vita vyote vya kwanza, ikatolewa katika vita vya pili, ikaishia mkononi mwa polisi wa zamu mwaka 1960. Mwaka unatupa mpaka mmoja tu: bunduki haikuwako kabla yake. Mtu akikwambia bunduki hii ilifyatuliwa siku Waingereza walipolipiga jumba la mfalme hapa Unguja, tarehe 27 Agosti 1896, huna haja ya kugombana naye. Mwonyeshe mwaka, mhesabu pamoja. Kutoka 1896 mpaka 1916 ni miaka 20.

SHT. L.E. ni kifupi cha jina la namna ya bunduki: ile fupi ya Lee-Enfield. Na III ni tatu kwa tarakimu za Kirumi. Nyota iliyo mbele yake inaonyesha namna iliyorahisishwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ili viwanda viweze kutoa bunduki nyingi kwa haraka.

NAMBA ZA BUNDUKI

Kila bunduki ya jeshi ina namba yake. Katika bunduki hii namba hupigwa katika mwili wa chuma, katika kasiba na katika komeo, na aghalabu katika viungo vingine pia. Zilinganisheni. Namba zikiwa moja, viungo vimekaa pamoja tangu kiwandani. Komeo likiwa na namba nyingine, limetoka katika bunduki nyingine. Kasiba pia ina mwaka wake. Mwili ukisema 1916 na kasiba ikisema mwaka wa baadaye, basi kasiba ya kwanza ilichakaa au iliharibika, ikatiwa mpya. Hapo mmekwisha kujua habari ambayo hakuna mtu aliyewasimulia: bunduki hii ilipita mkononi mwa fundi.

Lakini jihadharini. Namba peke yake haitoshi. Viwanda vilihesabu mpaka namba fulani, kisha vikaanza upya na kutia herufi mbele. Namba ile ile inaweza kuwako katika bunduki zaidi ya moja. Anayeandika namba lazima aandike pia herufi, kiwanda na mwaka. Ni sawa na jina: ukisema Juma bin Ali, Unguja nzima itaitika. Hapana budi useme Juma bin Ali wa wapi.

Tazameni tena kitako. Bunduki za zamani za namna hii zilikuwa na kibati cha duara cha shaba ya manjano, upande wa kulia wa kitako. Juu yake zilipigwa herufi za kikosi na namba ya bunduki katika kikosi hicho. Kibati hicho ni hazina, kwani ndicho kinachotaja kikosi. Kwa bahati mbaya, bunduki nyingi zilizofanywa katika Vita Kuu ya Kwanza hazikutiwa kibati, kwa ajili ya haraka, na nyingine ziling'olewa kibati chao baadaye. Tundu likiwa tupu, liandikeni kuwa tupu. Msilijaze kwa fikira zenu.

Alama mbili za mwisho. Ya kwanza ni mshale mdogo kama unyayo wa kuku. Maana yake ni mali ya serikali ya Uingereza. Mkiona mishale miwili inayotazamana kwa ncha, bunduki imetolewa katika mali ya serikali na kuuzwa. Ya pili ni herufi D.P. Bunduki yenye herufi hizo iliwekwa kwa ajili ya mazoezi ya gwaride tu, na haikuwa salama kufyatuliwa.

BUNDUKI ILIYOZUNGUKA

Sasa nitawapa habari ya bunduki nyingine, ili mwone jinsi alama zinavyoweza kueleza safari ndefu.

Vita vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Wajerumani huko Tanganyika, ambayo wao waliiita Afrika Mashariki ya Kijerumani, walikuwa na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871. Upande wake zimepigwa herufi na tarakimu Mod. 71. Ilichukua risasi moja moja, na baruti yake ilitoa moshi mwingi. Askari akifyatua, wingu jeupe lilisimama juu ya kichwa chake na kumwonyesha adui mahali alipo. Katika mapigano ya Tanga, Novemba 1914, jeshi la Waingereza lililotoka India lilishindwa na kurudi melini. Liliacha bunduki za kisasa za kutosha kampuni tatu, pamoja na bombom 16. Kuanzia hapo askari wa Wajerumani wakatumia bunduki zenye taji la mfalme wa Uingereza.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 25 Novemba 1917, jeshi hilo la von Lettow-Vorbeck lilivuka mto Ruvuma na kuishambulia kambi ya Wareno huko Ngomano, katika Msumbiji. Waliteka mamia ya bunduki na risasi zipatazo 250,000. Bunduki ya jeshi la Ureno zama hizo ilikuwa ya mwaka 1904, yenye taji na herufi za Mfalme Carlos wa Ureno. Lakini someni vizuri jina la kiwanda: limeandikwa Berlin! Kwani Ureno iliziagiza bunduki hizo Ujerumani. Zilifanywa na Wajerumani, zikauzwa kwa Wareno, zikapelekwa Msumbiji, na huko zikatekwa na askari Waafrika waliopigania Wajerumani.

Safari haikuishia hapo. Tarehe 25 Novemba 1918, mwaka mmoja kamili baada ya Ngomano, jeshi hilo liliweka silaha chini mbele ya Waingereza huko Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, katika Zambia. Bunduki zilizokabidhiwa zilihesabiwa, zikawa 1,071, nazo zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Askari walioanza vita na bunduki za Mjerumani walivimaliza na bunduki za maadui zake.

Basi mtu akipata moja ya bunduki hizo na kusoma taji la Carlos, akasema aliyeichukua alikuwa askari wa Mreno, anaweza kuwa amekosea. Chuma kinataja aliyeinunua kwanza. Hakimtaji aliyeichukua mwisho.

UFAGIO WA MWANZA

Sasa tumelifikia swali la pili. Chuma hakituambii nini? Hakituambii jina la mtu.

Kila bunduki ilipewa namba yake na kupigwa mhuri. Na watu je? Katika vita hivyo makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa maradhi na kwa njaa, na wengi hawana kaburi linalojulikana. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza limebaki katika jina la Kariakoo ya Dar es Salaam. Katikati ya mji huo ipo sanamu ya askari wa shaba, iliyowekwa mwaka 1927. Bunduki yake imechongwa vizuri, na singe yake imeelekea bandarini. Maandishi yake ni kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, nayo huwakumbuka askari na wapagazi kwa jumla. Hayataji jina la askari hata mmoja.

Ipo habari iliyoandikwa na Charles Miller, mwandishi wa historia ya vita hivyo. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa askari wazee mishahara waliyokuwa wakidai tangu vita. Afisa wa fedha alifika Mwanza, na wazee wapatao 350 wakakusanyika. Wachache tu walikuwa na cheti walichopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya nguo za jeshi zilizochakaa. Wengi walikuja mikono mitupu. Atajulikanaje askari wa kweli? Yule afisa alipata shauri. Kila mzee alipewa ufagio, akaambiwa aushike kama bunduki, kisha akapewa amri za gwaride kwa Kijerumani. Miller anaandika kwamba hapakuwa na mzee hata mmoja aliyeshindwa.

Habari hiyo hufurahisha, na watu huicheka. Lakini fikirini kidogo. Mwenye cheti alitoa karatasi na kuthibitisha. Asiye na cheti alilazimika, katika uzee wake, kucheza gwaride na ufagio mbele ya watu ili asadikiwe. Na wale waliokufa kabla ya 1964, ambao mikono yao haikuweza tena kushika ufagio, je, wajane wao walithibitisha kwa nini?

KUANDIKA TUNAYOAMBIWA

Hapa Unguja pia tuna jambo la kuandikwa. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, ghala za silaha za polisi huko Ziwani na Mtoni zilivamiwa. Bunduki zilizokuwa zimeandikwa katika daftari, kila moja kwa namba yake, zikatoka katika mikono iliyoandikwa na kuingia katika mikono isiyoandikwa. Tangu siku hiyo masimulizi ni mengi, na hayafanani. Mmoja husema bunduki fulani ilishikwa na fulani. Mwengine husema sivyo. Chuma kikiulizwa, kitataja kiwanda na mwaka tu.

Mambo ya namna hii hayapatikani ila kwa watu, na watu hufa. Kwa hiyo nawafundisheni njia nyepesi ya kuyaandika. Chukueni daftari, mpige mistari, mpate sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza iiteni Niliyoyaona. Hapa andikeni alama zilizomo katika chuma kama zilivyo, herufi kwa herufi, bila ya kuzitengeneza.

Sehemu ya pili iiteni Niliyoambiwa. Hapa andikeni maneno ya mzee, pamoja na jina lake akiruhusu, na tarehe aliyosema. Muulizeni pia: uliliona mwenyewe, au nawe uliambiwa?

Sehemu ya tatu iiteni Ninayokisia. Hapa andikeni fikira zenu wenyewe.

Msichanganye sehemu hizi. Kisa kilichoingizwa katika sehemu ya kwanza bila ya kuonekana kitaaminiwa na wajukuu wenu kama chuma, na hakuna atakayeweza kukitoa tena.

Anayetaka kuendelea na uchunguzi, Unguja pana Nyaraka za Taifa, Kilimani, na pana Beit el Amani, jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1925 kwa kumbukumbu ya vita nilivyovitaja. Anayekwenda kuuliza na aende na herufi, kiwanda, mwaka na namba vilivyoandikwa sawasawa. Mwenye swali kamili husaidiwa upesi kuliko mwenye kusema, Nina bunduki ya babu.

MANENO YA SOMO

Kasiba: mtutu wa bunduki, mahali inapopita risasi.
Kitako: sehemu ya mti inayowekwa begani.
Komeo: chuma kinachovutwa nyuma na kusukumwa mbele ili kutia risasi.
Kifyatuo: chuma kinachovutwa kwa kidole ili bunduki ilie.
Mdeki: ufito wa kushindilia baruti.
Singe: kisu kinachotiwa mbele ya bunduki.
Bombom: bunduki kubwa inayopiga mfululizo.

MASWALI

1. Mwaka uliopigwa katika bunduki ni mwaka wa nini?
2. Bunduki imeandikwa E.R. Mtu anasema ilifanywa mwaka 1885. Je, yawezekana? Toa sababu.
3. Mwili wa bunduki na komeo lake vina namba mbalimbali. Jambo gani limetokea?
4. Kwa nini bunduki ya Kireno iliyotekwa Ngomano iliandikwa Berlin?
5. Taja sehemu tatu za daftari. Maneno haya yaingie sehemu gani: "Mzee amesema bunduki hii ilitoka Tanga"?

KAZI YA NYUMBANI

Nyumbani mwenu tafuteni chombo chochote cha zamani chenye maandishi: cherehani, saa ya ukutani, mizani ya duka, au sahani ya kale. Nakilini maandishi yake yote katika sehemu ya kwanza ya daftari. Kisha mwulizeni mtu mkubwa kuliko wote nyumbani chombo hicho kilifikaje, mkaandike maneno yake katika sehemu ya pili, pamoja na tarehe. Wiki ijayo kila mmoja atawasomea wenzake darasani.

Kwa leo tumefika mwisho.